Muulize Nahodha: Waliopanda Mwamba na Waliolewa Bahari

Toleo lililopita niligusa kidogo tu habari za mabaharia wa Kiingereza, nanyi mkanifungulia mvua ya barua. Nimekaa nazo barazani tangu alasiri, chai imepoa, na mjukuu wangu amechoka kunisomea hati mbaya za baadhi yenu. Nimechagua sita. Walioniuliza kuhusu maharamia wangoje, hao wanataka siku yao.

*Shikamoo Nahodha. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Malindi. Mwenzangu anashikilia kwamba Vasco da Gama, mwenye ile nguzo yetu, ndiye Mwingereza wa kwanza kufika pwani hii. Mimi nasema sivyo. Tumewekeana mahamri kumi. Nani anakula?*

Marahaba, mwanangu. Unakula wewe, na mwenzako akuongezee mbaazi kwa kukupotezea wakati. Da Gama alikuwa Mreno. Alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani na mfalme wa hapo, na kwa siku zisizotimia mwezi mmoja akaiona India. Mwandishi mmoja wa Kireno alimtaja rubani huyo kwa jina la Malemo Cana, akasema ni mtu wa Gujarati. Hilo "Malemo" usilipite mbio. Ni mwalimu, neno lile lile ambalo wazee wetu walimwitia mjuzi wa nyota na njia chomboni. Kwa hiyo da Gama ana nguzo, na aliyemvusha hata jina lake hatuna hakika nalo, tuna cheo chake tu.

Mwingereza alikuja karibu miaka mia baadaye. Anaitwa James Lancaster. Aling'oa nanga Plymouth Aprili 1591 na meli tatu. Moja ikarudishwa kutoka kusini mwa Afrika imebeba wagonjwa, ya pili ikapotea na watu wake wote katika dhoruba, na ya tatu, Edward Bonaventure, ikaja kutia nanga Unguja mwishoni mwa Novemba. Ilikaa hapo mpaka katikati ya Februari 1592. Wareno walikuwa wamekwisha kuwatia watu hofu kwamba hawa wageni ni makatili na wanakula watu, kwa hiyo biashara ilikuwa ngumu. Lancaster akamkamata sharifu mmoja aliyekuwa safarini, lakini akamtunza kwa adabu, na mfalme akamkomboa kwa chakula cha miezi miwili. Mimi sisifu kukamata masharifu. Nasema tu kwamba yule bwana alijua haraka ni nani anayeheshimiwa mji ule.

Sasa sikiliza linalonifurahisha mimi. Msaidizi wake, Edmund Barker, alisimulia vyombo walivyoviona huku. Alisema ni vyombo mfano wa tishali, vina tanga moja la mkeka wa makuti, mbao zake zimeshonwa kwa maganda ya miti na kupigiliwa vigingi vya mti. Barker aliviita pangaya. Mtu yeyote wa Faza au Siyu atakwambia hapo hapo: huo ni mtepe! Chombo kisicho na msumari hata mmoja, kilichoshonwa kama kofia. Ukija Lamu ingia makumbusho yetu pale ufukoni uangalie mifano ya vyombo vya zamani.

Safari ile ilikuwa msiba. Watu 198 walivuka Rasi ya Tumaini Jema, waliorudi kwao ni 25. Lakini Lancaster alijifunza. Alipotoka tena 1601 na meli nne za Kampuni ya Uhindi Mashariki, ndani ya meli yake aliweka chupa za maji ya malimau, na kila asubuhi baharia alipewa vijiko vitatu kabla ya kula kitu. Kwenye meli nyingine tatu kiseyeye, maradhi ya kukosa matunda mabichi, kiliwalaza watu hata wafanyabiashara wakashika usukani wenyewe. Kwake yeye wakawa wazima. Na unajua jeshi la majini la Uingereza liliamuru lini malimau yagawiwe mabaharia wake? 1795. Miaka karibu 200! Bibi yangu na ndimu zake za achari angewacheka.

*Nahodha, salamu. Nina mashua yangu Shela, nawatembeza wageni. Juzi Mwingereza mmoja alinikalisha saa nzima akisema Drake ni mkubwa kuliko Cook, mkewe anasema Cook. Mimi nilikuwa nashika shikio tu, yaani usukani. Wewe unasemaje, ili nao wakirudi niwe na la kusema?*

Alaikumu salamu, ndugu yangu. Watu wengi huwapima hawa wawili kwa urefu wa safari. Mimi nawapima kwa mwamba, kwa sababu wote wawili walipanda mwamba, na wewe na mimi tunajua kwamba hapo ndipo nahodha anapovuliwa nguo.

Francis Drake kwanza. Alitoka Plymouth mwisho wa 1577 na vyombo vitano, akarudi Septemba 1580 na kimoja, Golden Hind, akiwa Mwingereza wa kwanza kuizunguka dunia. Huko Ternate, visiwa vya asili ya karafuu, alinunua tani kama sita. Januari 1580, karibu na Sulawesi, usiku, upepo mzuri, tanga limejaa, mara chombo kikakwea mwamba kikatulia kama kimejengwa pale. Wakasali. Kisha wakatupa mizinga minane, unga, kunde, na tani tatu za karafuu. Hebu fikiria ile bahari ilivyonukia! Walikaa pale karibu saa ishirini mpaka upepo ukageuka, chombo kikateleza chenyewe kikarudi majini. Kasisi wa meli, Francis Fletcher, alikuwa amehubiri kwamba hiyo ni adhabu ya Mungu kwa sababu Drake alimkata kichwa bwana mmoja, Thomas Doughty, njiani. Basi mwamba ulipowaachia, Drake alimfunga kasisi kwa mnyororo, akakaa juu ya sanduku amekunja miguu, akamtangaza kuwa ametolewa kanisani. Nahodha anamfukuza imamu! Hapo mimi na Drake tunaachana.

Sasa James Cook. Mtoto wa kibarua wa shamba huko Yorkshire, alizaliwa 1728, akajifunzia bahari kwenye meli za makaa ya mawe za Whitby. Hata Endeavour, chombo alichopewa kwenda Pasifiki, kilikuwa cha kubeba makaa, kipana cha tumbo, hakina urembo. Ni sawa na mtu kuchukua jahazi la boriti akaenda nalo kutafuta nchi mpya. Usiku wa tarehe 11 Juni 1770, mashariki ya Australia, wakapanda mwamba maji yakiwa yamejaa. Wewe wa Shela sihitaji kukueleza ubaya wake. Ukipanda maji yakiwa yamekupwa, unangoja yajae yakuinue. Ukipanda yamejaa, unangoja nini?

Cook hakuhubiriwa wala hakumfunga mtu. Alitupa mizinga sita, farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya chuma na mawe, mapipa, vyote kama tani arobaini na zaidi. Maji ya mchana hayakufika. Wakangoja ya usiku. Pampu zinapigwa na kila mtu kwa zamu, mabwana wasomi wa mimea nao wamo. Saa 23 baada ya kupanda wakanasuka, na ngama, tumbo la chini la chombo, inajaa maji. Hapo kijana mmoja, Jonathan Monkhouse, akasema amepata kuona dawa. Wakachukua tanga, wakalishonea sufi ya kondoo na nyuzi za kamba kuukuu zilizochambuliwa, wakalipaka kinyesi cha mifugo, wakalipitisha chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kwa kamba mpaka lilipofika penye tundu. Maji yenyewe yakalivuta likaziba. Walipofika mtoni na kukilaza chombo ndipo wakaona la ajabu: pande la mwamba lilivunjika likabaki limekwama katika tundu lile lile, kama kizibo. Bila ya hilo pengine tusingelijua jina la Cook. Mizinga yake ilitolewa baharini 1969.

Nami nilipata kuonja. Februari 1971, nina miaka 17, tulikuwa na jahazi la mjomba tukishuka na kaskazi kwenda Mombasa, korija 120 za boriti na mazio ya mikoko, kila korija miti ishirini. Nje ya Ngomeni, alfajiri, mimi ndiye niliyekuwa omo natazama mbele. Ndiyo, nilisinzia. Nimelificha hilo miaka mingi, mjomba ameshakufa, Mungu amrehemu. Tulisikia mlio kama wa mtu anayekwangua sufuria. Mjomba hakupiga kelele. Alisema neno moja: "Tupeni." Tukatupa korija thelathini, na balaa ni kwamba boriti zile hazikuzama. Zilielea zikatuzunguka, zikawa zinagonga ubavu tum, tum, kama wageni wanaobisha hodi. Maji yalikuwa yanaingia kwenye mshono wa chini. Mjomba akachukua mto wake wa kulalia, akaupasua kwa kisu, akachanganya ile sufi na shahamu iliyobaki kwenye debe, akashuka ngamani, akaishindilia kwa kidole gumba. Tulifua maji kwa ndoo mpaka Malindi. Alilala bila mto safari nzima, na kila akilala alikuwa ananitazama.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema Cook. Lakini mwambie mgeni wako jambo moja zaidi. Drake alipokuwa anavuka Atlantiki alimkamata rubani Mreno, Nuno da Silva, akamchukua kwa nguvu na ramani zake. Cook naye alipita visiwa vya Pasifiki na Tupaia, mtu wa Raiatea, aliyejua visiwa vingi bila dira wala karatasi, akaenda kufa Batavia (Jakarta ya leo) 1770 kwa maradhi ya mji ule. Wewe unayeshika shikio nyuma yao ukiwasikiliza, jua kwamba kiti chako ni cha zamani.

*Bwana Mhariri na Nahodha wako, mimi ni mama wa hapa Langoni. Kijana wangu ana miaka kumi na mitano, babaake amempeleka kwenye mashua ya samaki na kila siku anarudi ametapika mpaka nyongo. Wenzake wanamcheka, wanasema hana damu ya bahari. Nimtoe?*

Dada yangu, usimtoe kwa sababu ya kicheko. Horatio Nelson, mshindi wa vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805, mtu ambaye Waingereza wamemsimamisha juu ya nguzo katikati ya London, alilewa bahari maisha yake yote. Alianza na miaka 12 kwenye meli ya mjomba wake, na mwaka mmoja tu kabla ya kufa alikuwa bado anaandika kwamba kila upepo ukivuma sana yeye ni mgonjwa. Jicho moja lilipotea nuru, mkono wa kulia ulikatwa Tenerife mwaka 1797, na kigegezi hakikumwacha. Kijana asile mahamri ya mafuta kabla ya kutoka, atafune tangawizi, akae katikati ya mashua si omo, na macho yake yawe kwenye nchi kavu. Ukiona mwezi wa tatu bado anakonda, basi mtoe, tena bila aibu. Nchi kavu nayo ina kazi.

*Nahodha, nafanya kazi ya kibarua upande wa bandari mpya huku bara. Meli zikija naona ubavuni duara lililokatwa na mstari, na pembeni yake ngazi ya mistari midogo yenye herufi. Wenzangu wanasema ni chapa ya kampuni. Kweli?*

Hapana, ni chapa ya uhai wako. Inaitwa kwa jina la Samuel Plimsoll, na mwenyewe hakuwa baharia, alikuwa mfanyabiashara wa makaa na mbunge wa Derby. Namwingiza hapa kwa sababu ameokoa mabaharia wengi kuliko manahodha wote wa ukurasa huu. Zama zake kulikuwa na matajiri waliojaza vyombo vibovu mpaka maji yakaribie sitaha, wakakata bima kubwa, wakavituma. Kikifika, faida. Kikizama, faida. Watu waliviita meli majeneza. Plimsoll aligomba bungeni mwaka 1875 mpaka akawatikisia ngumi wabunge wenzake, na 1876 sheria ikapita kwamba kila meli ichorwe alama. Lakini sheria ile ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe pa kuichora! Ilichukua mpaka 1890 kurekebisha upuuzi huo.

Ile ngazi ya mistari ni kwa sababu maji si mamoja. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, chombo huzama zaidi. Maji ya joto kama yetu ni mepesi kuliko ya baridi. Na bahari ya kaskazini wakati wa baridi ina mawimbi makali, kwa hiyo huko meli hubebeshwa kidogo zaidi. Kila hali ina mstari wake. Mimi nimepanda mashua hapa, sitaji gati wala mwenyewe, abiria wamekaa juu ya magunia ya saruji na kijana wa nauli bado anaita "mmoja, mmoja". Nilishuka. Wakanicheka wao pia.

*Nahodha, nakuheshimu, lakini mbona unawasifu watu hawa? Si ndio waliobeba watumwa? Msomaji, Malindi.*

Swali lako ni la haki, na jibu ni ndiyo. John Hawkins alianza 1562, akachukua watu pwani ya Afrika Magharibi akawauza ng'ambo ya Atlantiki. Safari iliyofuata malkia mwenyewe alimpa meli, nayo ikiitwa Jesus. Hawkins akapewa nembo ya heshima, na juu yake amechorwa Mwafrika aliyefungwa kamba. Hakuona haya kuivaa. Drake alikuwa kijana katika safari hizo.

Baadaye wakaja wajukuu wao na meli za kuzuia biashara ile ile katika maji yetu. Wamo walioifia kazi hiyo. Kapteni Charles Brownrigg aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 alipokuwa anakagua jahazi la watumwa. Lakini wazee wa huku walikuwa na kumbukumbu nyingine pia, ya majahazi ya halali kuchomwa moto. Mabaharia wa meli zile walilipwa tuzo kwa tani za chombo walichokiharibu, na mtu akilipwa kwa tani huanza kuona watumwa hata kwenye jahazi la tende. Na ndani ya meli hizo hizo walikuwamo Waswahili na Wasomali walioajiriwa, Waingereza wakiwaita masidi, wakipiga makasia juani na kuongea kwa niaba yao. Kusifu, nasifu ubaharia. Mizigo yao kila mmoja atajibu mwenyewe.

*Assalaam alaykum. Mimi fundi wa kalafati, kuziba mishono ya vyombo, Matondoni. Mgeni mmoja alinionyesha picha ya mashua ya Kizungu imeandikwa SUHAILI, akasema ndiyo iliyoizunguka dunia bila kusimama. Mbona jina ni letu?*

Waalaykum salaam fundi, barua yako nimeiweka mwisho kwa makusudi. Suheli sisi tunaijua, ni ile nyota ya kusini, na kwa Waarabu wa Ghuba ni pia upepo wa kusini-mashariki. Robin Knox-Johnston alikuwa ofisa wa meli za biashara, akaunda chombo chake Bombay kwa mti wa msaji, mita kumi hazitimii, akakipa jina hilo. Tarehe 14 Juni 1968 akatoka Falmouth peke yake katika mashindano ya watu tisa. Waliobaki wakaacha, wakazama, au wakageuza njia. Mmoja, Donald Crowhurst, alikaa Atlantiki akitunga safari ya uongo, mwisho akapotea baharini, na Knox-Johnston akampa mjane wake zawadi yote ya pauni 5,000.

Lakini wewe nikuambie la kazi yako. Hajafika mbali, Suhaili ikaanza kuvuja chini, mishono ya pande mbili karibu na mkuku. Akashusha matanga, akajitosa na nyundo na pamba. Anashindilia pamba kwenye mshono, pumzi inakwisha, anapanda, anashuka tena, na bahari inaitoa ile pamba. Ikabidi aishonee ukanda wa turubai, aupake lami, na juu yake apigilie bamba la shaba kwa misumari midogo. Katikati ya kazi papa akaja kuzunguka. Akapanda juu, akampiga risasi, akangoja kuona kama damu itawaita wengine, kisha akarudi chini kumaliza upande wa pili. Fundi, wewe unafanya hivyo chombo kikiwa pwani, maji yamekupwa, redio inaimba, na bado unalalamika mgongo!

Alirejea tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312. Maofisa wa forodha wakapanda chomboni mwake, na kama kawaida yao wakamuuliza ametoka bandari gani. Akawajibu: "Falmouth."